Shilingi ngapi kwa kilo? Hesabu za kuipunguza uzito Roadster

Tangu niweke picha ya Roadster yangu ikiwa haina viti, swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama nafunga turbo. Hapana. Injini ni ile ile ya cc 1,600 iliyokuja nayo kutoka Japani, nguvu za farasi 125 kwenye makaratasi, na kwa umri wake nadhani farasi kadhaa wameshafia njiani. Nguvu naiacha ilivyo. Ninachopunguza ni mzigo.

Kwa wasioijua, hii ni Mazda Roadster ya mwaka 1999, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5. Toleo la pili. Milango miwili, viti viwili, turubai juu, injini mbele na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Dar ziko chache, na kila nikisimama kwenye taa za Morocco kuna bodaboda ataniuliza bei. Tangu toleo la kwanza lilipooneshwa Chicago mwaka 1989, sifa ya gari hili haijawahi kuwa nguvu. Sifa yake ni wepesi. Mazda wenyewe wana kitu wanachokiita mkakati wa gramu: kwenye toleo la tatu, la mwaka 2005, walikiangalia mpaka kioo kidogo cha kutazamia nyuma na kukipunguza gramu 84. Gramu 84! Mimi ni mhasibu, na nilipolisoma hilo nilijua nimepata watu wangu.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Gari langu lilipopanda mizani kwa mara ya kwanza lilisoma kilo 1,060, likiwa na mafuta nusu tangi na mimi nikiwa nje. Gawanya kwa farasi 125: kila farasi anavuta kilo 8.5 hivi. Ukiondoa kilo 80, kila farasi anabaki na kilo 7.8. Kupata uwiano huo kwa kugusa injini ningehitaji farasi 10 za ziada, na farasi 10 kwenye injini ndogo isiyo na turbo ni pesa nyingi na kelele nyingi. Tena farasi wa ziada anakusaidia wakati wa kukanyaga mafuta tu. Kilo uliyoitoa inakusaidia ukikanyaga mafuta, ukikanyaga breki na ukikata kona, na tairi nazo zinashukuru.

Kwa hiyo nikafungua daftari lenye safu nne: kifaa, kilo zilizotoka, gharama, na safu ya mwisho ambayo ndiyo roho ya jambo lote, shilingi kwa kila kilo. Kama buchani, ila huku unalipa ili nyama iondoke.

Mizani ilikuwa tatizo la kwanza. Ile ya barabarani Vigwaza ni ya malori na mabasi, na sidhani kama wangenielewa nikiingia na kigari kinachofika kiunoni mwao. Bahati yangu nafanya kazi Kurasini, kwenye yadi ya makontena yenye mizani yake, na vijana wa pale waliniruhusu nipite jioni malori yakishaisha. Lakini mizani ya malori inahesabu kwa hatua za kilo 20. Kwa lori la tani 40 hiyo si kitu; kwa gari la tani moja, betri nzima inaweza kujificha humo. Ndiyo maana kila kipande nilikipima peke yake kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu, ana mizani ya kuning'iniza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini leo?"

"Kiti."

"Unauza?"

"Hapana, napima tu."

Alinitazama kama mtu anayeangalia mgonjwa. Baadaye alizoea, akawa anakisia uzito kabla hajaning'iniza. Kwenye eksozi alikosea kwa robo kilo tu.

Kilo za kwanza zilinilipa zenyewe. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa mpenzi wa muziki: kwenye buti kulikuwa na spika kubwa ya besi ndani ya boksi la mbao, na amplifaya yake. Kilo 17. Niliuza vyote kwa kijana wa Sinza, na safu ya mwisho ya daftari ikaandikwa kwa alama ya kutoa. Nikafuata tairi la spea, jeki na vyuma vyake: kilo 13, shilingi sifuri. Hapa wanaume wa kijiweni walinijia juu. Gari bila spea? Lakini jamani, Dar fundi pancha yuko kila kona, na kompresa yake iko wazi mpaka saa sita usiku. Natembea na vijiti vya kuzibia pancha na pampu ndogo inayochomekwa kwenye gari. Nikivuka Kibaha, spea inarudi kwenye buti. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto havijatoka na havitatoka, kwa sababu za akili na za trafiki.

Kapeti za buti na zile lami za kuzuia sauti nyuma ya viti zilitoa kilo 3 tu. Wenzetu wa ng'ambo huzitoa lami hizo kwa barafu kavu, ile inayofika nyuzi 78 chini ya sifuri: lami inakuwa ngumu kama sahani, wanaigonga, inapasuka vipandevipande. Huku ni patasi na subira. Nilipoona fundi anataka kuendelea na handaki la giaboksi nilimzuia. Pale katikati joto la injini na eksozi hupita chini ya kiwiko chako, na kilo moja ya lami inayokukinga na joto hilo mwezi wa pili ni kilo inayofanya kazi.

Viti ndivyo vilivyonifurahisha. Kimoja cha asili kilisoma kilo 16.4. Nilipata viwili vya mashindano vilivyotumika, vya ganda la faiba, kila kimoja kilo 7.2 pamoja na reli zake, kwa jumla ya shilingi 920,000. Kilo 18.4 zimetoka, shilingi 50,000 kwa kilo. Angalieni tu mnachonunua, maana nakala ni nyingi. Kitu cha kwanza kukagua si nembo, ni ganda: likunje kwa mikono, na kama linaitika kwa urahisi, siku ya ajali litaitika zaidi. Halafu angalia nati za kufungia reli zimezamishwa vipi ndani ya faiba. Mume wangu alipokaa mara ya kwanza ilibidi tumvute kutoka, akasema kwa hela ile angeacha chipsi mayai na kupunguza kilo hizo bure. Nikamwambia aanze. Bado nasubiri kuandika mstari wake kwenye daftari.

Eksozi: boksi la nyuma la asili kilo 13. Fundi wangu wa mtaa wa Gerezani alinitengenezea la stainlesi nyembamba, kilo 6, shilingi 350,000, na kwa bahati likaangukia 50,000 ile ile kwa kilo. Titani ingekuwa nyepesi zaidi, ni kama asilimia 57 ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, ila titani ya moto hunywa hewa. Ukiichoma bila gesi ya agoni kuilinda pande zote mbili, weldi inakuwa kavu na kupasuka. Fundi alisema ukweli wake: "Dada, hiyo nitakuharibia." Fundi anayejua asichokiweza simuachi.

Betri ya Roadster inakaa kwenye buti, na ile ya asili iliundwa hivyo kwa makusudi, imefungwa vizuri na ina mirija ya kutolea gesi nje. Wengi hapa wanaweka betri ya maji ya kawaida bila mrija, halafu wanashangaa kwa nini kona ya buti ina kutu. Yangu ilikuwa ya namna hiyo, kilo 12.5. Nimeweka ya lithiamu, kilo 3, shilingi 665,000. Ni 70,000 kwa kilo, na mpaka hapo nilisita, kwa sababu hata lithiamu haipendi joto. Kwenye buti angalau iko mbali na injini.

Sasa boneti. Karibu kila mtu anayeniandikia anataka kujua lini naweka boneti ya kaboni. Naomba tuelewane hapa, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea.

Chukua bati la chuma la milimita 0.7, mita moja kwa mita moja: kilo 5.5. Alumini ina uzito kama theluthi moja ya chuma, lakini pia ukakamavu wake ni kama theluthi, kwa hiyo ukitaka bati la alumini lisilopinda zaidi ya lile la chuma unalifanya nene kidogo, milimita moja hivi. Linakuwa kilo 2.7. Umeokoa nusu, siyo theluthi mbili kama wauzaji wanavyodai. Kaboni halisi, ile ya nyuzi zilizopangwa kwa mwelekeo unaotakiwa na kuokwa kwa mgandamizo mpaka gundi ya ziada itoke, inashuka chini ya hapo tena bila kulegea. Hiyo ndiyo kaboni ya ndege na ya magari ya mashindano. Boneti nyingi zinazouzwa mitandaoni ni faiba ya kawaida iliyovishwa tabaka moja la kaboni juu ili weusi uonekane. Unanunua kitambaa. Na jua letu halina huruma na gundi hiyo, isipopakwa vanishi nzuri hugeuka njano kama karatasi ya zamani.

Tena boneti ya Roadster ni ya alumini tangu kiwandani! Mazda waliifanya kazi hiyo kabla hatujazaliwa kwenye mchezo huu. Niliambiwa bei ya zaidi ya milioni mbili kwa boneti ambayo ingeokoa kilo moja au mbili. Safu ya mwisho ya daftari ilikataa yenyewe.

Mfuniko wa buti ndio wa chuma, na huo nikaupeleka kwa mafundi wa boti za faiba kule Kunduchi. Ni mafundi kweli. Lakini fundi wa boti anajenga kwa hofu ya bahari: tabaka juu ya tabaka, gundi imejaa, na mfuniko wa kwanza ulipofika kwa mzee wa mizani ulilingana na wa chuma. Mzee alicheka mpaka akakaa. Tulirudi, tukakubaliana tabaka mbili za kitambaa cha kufumwa badala ya mkeka wa nyuzi zisizofumwa, gundi ikamuliwe kwa rola, na mbavu za povu gumu ndani ili usipepee. Wa pili umeokoa kilo 4 kwa shilingi 400,000. Laki moja kwa kilo. Ghali, ila nimejifunza kwamba uzito wa faiba uko kwenye gundi. Nyuzi zenyewe si kitu.

Rimu ndiyo sehemu niliyolipa bila kuona uchungu. Za asili kilo 6.3 kila moja. Nikapata seti iliyotumika ya kilo 4.6. Kilo 6.8 kwa shilingi 1,700,000, yaani 250,000 kwa kilo, mara tano ya viti. Mhasibu yeyote angenifukuza. Ila kilo za rimu si sawa na nyingine. Ziko chini ya springi, kwa hiyo tairi linapopanda shimo, rimu nyepesi inarudi chini haraka na tairi linabaki limeshika lami. Halafu inazunguka: uzito ulio pembezoni kabisa mwa gurudumu unahesabiwa karibu mara mbili unapoongeza mwendo, kwa kuwa lazima usukumwe mbele na pia uzungushwe. Breki nazo zinalipa deni hilo hilo unaposimama. Siku tulipozifunga nilizunguka kutoka Gerezani mpaka daraja la Tanzanite na kurudi, na usukani ulikuwa wa gari jingine. Nimezikagua kwa taa kutafuta nyufa kabla ya kulipa, na kwenye mashimo ya Tabata natembea kama bibi harusi. Mwenye kupita barabara mbovu kila siku abaki na za asili, zinapinda kabla ya kupasuka.

Vitu nilivyovikataa ni vingi kuliko nilivyovifanya. Kuchonga flaiwili ya asili, lile gurudumu zito linalozunguka nyuma ya injini, kwenye mashine ya kukereza: ni chuma cha kumimina, kikipunguzwa vibaya kinaweza kupasuka kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na kiko karibu na miguu yangu. Kutoa vyuma vya ubavuni ndani ya milango: hapana, hivyo ndivyo vinavyosimama kati yangu na daladala. Kutoboa matundu kwenye chesisi: kuna watu bado wanafanya, Mungu awahifadhi. Kutoa kiyoyozi: Honda walikitoa kwenye NSX-R ya mwaka 1992, pamoja na redio, spea na vizuia sauti, na gari likashuka kilo kama 120 mpaka 1,230. Nawaheshimu sana. Ila wao walikuwa wakifikiria uwanja wa Suzuka, hawakuifikiria foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni. Porsche nao kwenye 911 Carrera RS ya mwaka 1973 walitumia bati jembamba, vioo vyembamba, mikanda ya kuvutia milango badala ya vishikio, wakatoa hata saa ya dashibodi, na toleo lao jepesi likawa kilo 960. Saa yangu imebaki. Haifanyi kazi, lakini imebaki.

Mizani ya Kurasini ikasoma 980. Hapo ndipo nikaona shida ambayo daftari halikuwa na safu yake. Gari hili liliundwa uzito wake ugawanyike karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na angalia nilivyokuwa nimetoa: spika, spea, betri, mfuniko, boksi la eksozi, vyote ni vya nyuma. Gari lilikuwa jepesi na pua yake imekuwa nzito kwa kulinganisha. Tena lilikuwa limeinuka milimita chache nyuma kwa sababu springi zilipata nafuu. Fundi alirekebisha alaimenti, kisha nikafanya jambo ambalo kijiwe hakikulielewa: nikaongeza kilo 16. Ni upinde wa chuma nyuma ya viti, wa kulinda vichwa gari likipinduka, maana juu yetu kuna turubai tu. Uko nyuma ya katikati, umesaidia mgawanyo kidogo, na kilo zake sizioni kama hasara. Mizani ikarudi kwenye 1,000 kamili.

Pasaka tulikwenda Lushoto, spea ikiwa ndani kama nilivyoahidi. Ukiacha barabara kuu pale Mombo unapanda Usambara kwa kona mfululizo, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, barabara nyembamba na mabasi yanayojiamini. Kupanda, injini ilikuwa ile ile, tofauti ni kwamba gia ya tatu ilitosha mahali ambapo zamani nilirudi ya pili. Kushuka ndiko kulikonishangaza. Mwaka mmoja nyuma, kwenye mteremko ule, harufu ya breki ilitufikia kabla ya Soni. Safari hii kanyagio lilibaki juu mpaka Mombo, na mume wangu, ambaye kawaida hushika mlango, alilala.

Kilo inayofuata kwenye daftari ni ya sehemu za alumini za breki za mbele, na bei yake kwa kilo inazidi ya rimu. Nimeiacha. Hela ya mwezi huu inakwenda kwenye tairi mpya, na fundi ameniambia kuna aina mbili za ukubwa uleule ambazo moja inaizidi nyingine karibu kilo nzima. Muuza tairi hakuniamini nilipomwomba nizichukue zote mbili nikazipime kwanza, kwa hiyo Jumamosi mzee wa vyuma chakavu amekubali kuja dukani na mizani yake.